Mikono Juu, Meno Nje

Gurudumu lenyewe lilikuwa dogo, dogo hasa, la kutosha jukwaa tu. Aliyelitengeneza hakuwaza barabara. Aliwaza sakafu ya mbao, taa, na watazamaji waliokwisha kulipa kiingilio. Halikuwa na breki wala mnyororo. Pedeli zilishikamana na gurudumu moja kwa moja, kwa hiyo ukiacha kukanyaga linasimama, nawe unakwenda zako chini. Juu ya gurudumu kiti, juu ya kiti mtu, basi. Kwa chombo hicho mume wa Unyoya alikwenda kazini kila asubuhi, kutoka chumba chao cha kupanga mpaka kiwanda cha magodoro nje ya mji, mwendo ambao hata mwenye baiskeli kamili huulalamikia.

Tusimcheke. Wa kumcheka walikuwapo tayari, na walitosha.

Zamani kiwanda kilikuwa mtaa wa pili tu, mtu anatoka kwake mate hayajamkauka mdomoni anafika. Kisha kikahama, kikafuata kiwanja kikubwa. Kwanza kulikuwa na basi la wafanyakazi. Siku moja basi likaenda gereji, na mpaka leo halijarudi, wala hakuna aliyejitokeza kutangaza msiba wake. Wenye nauli wakapanda magari, wenye baiskeli wakapanda baiskeli. Yeye alikuwa na kigurudumu.

Alikipata siku kikundi chao cha sarakasi kilipovunjika. Kiongozi wao, bwana mmoja mrefu waliyemwita Ngazi, alifungua sanduku la vifaa akawaambia pesa hakuna, kila mtu achukue kilicho karibu na mkono wake. Yeye akachukua kigurudumu. Unyoya, mkewe, aliyekuwa akisimama juu ya mabega yake huku kigurudumu kikizunguka jukwaa, akaambulia vazi la kumetameta lililochanika kwapani. Hapo wakaachana na sarakasi. Sarakasi ndiyo haikuachana nao.

Barabarani alikuwa kioja. Madereva walimpigia honi, abiria walitoa vichwa madirishani. Gurudumu dogo halina mwendo. Miguu yake ilizunguka mbiombio na yeye akisogea polepole, watoto wa shule wakitembea kando yake wakimuuliza maswali. Mtu mmoja kituoni alimrushia sarafu. Alishuka kwenye kigurudumu, akaiokota, jioni akampa binti yao akisema ameiokota njiani. Na kweli aliiokota.

Getini nako kulikuwa na mambo yake. Alikuwa amefunga kipande cha sponji juu ya kiti, maana mapaja yalikuwa yakichubuka mpaka analala chali. Mlinzi, kila siku ya Mungu, alikibinya kile kipande kwa vidole viwili, asubuhi na jioni, kuhakikisha hakijanenepa.

"Msanii," mlinzi alikuwa akimwambia, maana ndilo jina walilompa, "leo hujatuibia?"

"Leo bado, mkubwa."

Wanacheka, anapita.

*

Jioni hiyo Unyoya alikuwa akipiga pasi nguo za watu, kazi aliyoletewa na dobi wa kona. Chumba kilinuka mkaa na nguo mbichi. Binti yao, ambaye kwa maneno yake yasiyokauka walimwita Chiriku, alikuwa sakafuni akimsimulia mwanasesere wake habari za mwalimu. Mlango ukasukumwa.

"Nimerudi," mumewe alisema.

Akatanua mikono yote miwili, akainua kidevu, akatabasamu meno yote nje.

Chiriku akapiga makofi. Unyoya akaisimamisha pasi.

"Umeanguka wapi?"

"Nani kaanguka?"

"Nakuuliza wewe, Baba Chiriku. Umeanguka wapi?"

"Aa. Kijiwe tu, pale getini. Wewe nawe una macho ya paka."

Hayakuwa macho ya paka. Ilikuwa sheria ya Ngazi, na Unyoya aliijua kama anavyojua jina lake. Ukianguka, Ngazi alikuwa akiwafundisha, inuka kabla vumbi halijatulia. Mikono juu, meno nje, inama. Mtazamaji amelipa kuona raha, hakulipa kuona goti lako. Waliifanya sheria hiyo mara nyingi mpaka ikawaingia mwilini, ikawa haipitii tena kichwani. Unyoya mwenyewe aliwahi kuteleza kutoka mabegani mwa mumewe na kuvunjika mtulinga. Akainuka, akatanua mikono, akatabasamu, ukumbi mzima ukamshangilia. Alizimia nyuma ya pazia. Katika ukumbi ule ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba ameumia, na mtu huyo ndiye sasa alisimama mlangoni akimdanganya habari za kijiwe.

"Pandisha suruali nione."

"Nile kwanza."

"Pandisha."

"Unyoya, nimechoka. Kesho."

Alikula amesimama. Alisema kazini alikaa mno. Katika kiwanda kile hakuna anayekaa, wanasimama kutwa wakikata sponji, na Unyoya alilijua hilo pia. Alinyamaza kwa sababu mtoto alikuwa akiwatazama mdomo wazi.

Asubuhi suruali ilikataa kupita gotini. Goti lilikuwa limejaa, limekuwa jekundu na linang'aa, na alipolikunja kitu fulani ndani kiliteleza upande. Hapo hata yeye alitulia.

"Mficha maradhi kilio humfichua," Unyoya alisema.

"Sasa nifanye nini? Nisiende? Wapo watu wanalala nje ya lile geti wakisubiri mmoja wetu asije."

Akavaa suruali ya kulalia, akatoka na kigurudumu. Akaegemea ukuta, akajipandisha kitini. Akakanyaga mara chache, akafika usawa wa bomba la maji ambako majirani walikuwa wamepanga ndoo. Goti likamwacha. Akaanguka kwa ubavu katikati ya ndoo, na kabla Unyoya hajamfikia alikwishajiinua kwa mguu mmoja, mikono juu, meno nje.

Majirani wakacheka, wakapiga makofi. Mmoja akasema huyu bwana hazeeki. Unyoya alimshika kiunoni, akamrudisha ndani, na moyo ulimuuma kwa hasira, hasira ya kutojua amkasirikie nani.

*

Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyeleta simu. Alikuwa mwanamke mnene, mwema, mwenye kicheko cha kumwamsha mgonjwa. Alikuja mikono inadondosha maji, akajifuta kwenye kanga, akakaa juu ya kitanda bila kukaribishwa kama ilivyo kawaida yake.

"Mama Chiriku, umemwona shemeji? Mji mzima unamtazama. Mwenyewe nimeletewa na watu watatu. Hebu ona."

Katika kile kioo kidogo Unyoya aliliona geti la kiwanda. Mumewe alikuwa akija, wima kitini, mkono mmoja nje kama alivyozoea. Pikapu ya kiwanda ikatoka kinyumenyume, magodoro yamepangwa juu mpaka dereva haoni kitu. Kona ya pikapu ikakipiga kigurudumu. Mumewe akaruka, goti likatua kwenye ukingo wa saruji. Lilitua peke yake, na mwili wote ukalifuata.

Halafu, vumbi halijatulia, huyoo amesimama. Mikono juu. Anainama kulia, anainama kushoto. Mlinzi anapiga makofi. Dereva wa pikapu anapiga honi mbili za furaha, anaondoka. Aliyekuwa akirekodi anacheka mpaka picha inatikisika.

"Angalia anavyoinuka," jirani alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mimi ningelia mpaka wiki ijayo. Shemeji ana mifupa ya mpira."

"Ameumia," Unyoya alisema.

"Nani?"

"Hapo. Hapo ndipo alipoumia."

Jirani akatazama tena, akarudisha nyuma, akatazama tena. "Mbona anacheka?"

 Unyoya alimrudishia simu yake, akaenda kugeuza nguo zilizokuwa zikikauka, ingawa alikwishazigeuza.

*

Daktari wa zahanati alilibonyeza goti, akaliyumbisha huku na huku, akasema nyuzi za ndani zimekatika. Zinaungwa, ila kwa upasuaji, na zikicheleweshwa mguu utabaki hivyohivyo. Kiwanda kikikubali kwamba aliumia kwao, kitagharimia na kazi yake itamsubiri. Kisipokubali, basi. Daktari aliyasema hayo akinawa mikono, na mgonjwa mwingine alikuwa tayari ameketi.

Kwa hiyo siku iliyofuata wakaenda kiwandani, safari hii kwa gari la nauli, yeye mguu ameunyoosha kwenye njia na kila anayepita anamwomba radhi au anamsonya. Unyoya alikuwa amevaa gauni lake la heshima. Njia nzima alimwelekeza.

"Ukifika, sema inauma. Neno moja tu. Inauma."

"Nitasema."

"Usichekecheke."

"Sitacheka, Unyoya. Kwani mimi mwendawazimu?"

Meneja wa wafanyakazi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Aliwapa viti, akamwagiza mhudumu alete chai. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtia Unyoya hofu. Mtu mbaya unajua utagombana naye kwa lipi. Dereva wa pikapu aliitwa, akasimama karibu na mlango akizungusha funguo kidoleni. Meneja naye alikuwa na picha ile kwenye simu yake. Aliiweka mezani, akaiwasha, wote wakatazama. Zile honi mbili zilisikika vibaya mle ofisini.

"Bwana," meneja alisema, "uliumia au hukuumia?"

"Niliumia, mama."

"Ulimwambia mlinzi?"

Akalishika goti.

"Ulimwambia dereva? Msimamizi wako? Ulikwenda chumba cha huduma ya kwanza? Maana ulifanya kazi mpaka jioni, nimeuliza."

"Nilisimama kwa mguu mmoja," alisema.

"Mama, mimi nilijua ni mambo yake," dereva alidakia, macho chini. "Kila siku anatufurahisha pale getini. Ningejua kaumia ningeshuka."

Unyoya akaomba ruhusa ya kusema. Akaeleza habari za kikundi, za Ngazi na sheria yake, za mtulinga wake mwenyewe. Alieleza vizuri, taratibu, lakini kadiri alivyoendelea ndivyo alivyoyasikia maneno yake yakigeuka kichekesho. Akaiomba simu, akairudisha nyuma, akaisimamisha.

"Usiitazame mikono, mama. Mtazame macho. Hapo. Hayo ni macho ya mtu anayecheka?"

Meneja akavaa miwani, akasogeza uso. Alitazama kwa nia njema kabisa.

"Dada yangu," alisema mwishowe, "mimi naona mtu anacheka. Niende kwa wakubwa nikawaambie mtu akicheka ndiyo ameumia? Wataniuliza, na aliyelia je?"

"Basi walione goti," Unyoya alisema. "Baba Chiriku, simama. Tembea kidogo waone."

Hilo ndilo kosa lake, na atalikumbuka mpaka kaburini. Mumewe akashika meza, akasimama. Akaiachia meza, akapiga hatua moja kuelekea dirishani. Goti likateleza upande, na yeye akaenda chini na kiti, kiti na chai, kikombe kikaviringika mpaka miguuni kwa dereva.

Inuka kabla vumbi halijatulia.

Akainuka. Chai inamtiririka kifuani, uso umekuwa wa majivu, na mikono hiyo inapanda, inatanuka, na meno hayo yanatoka nje yote. Akainama kwa meneja. Akainama kwa mlango.

Mhudumu wa chai alicheka kwanza, akajiziba mdomo. Dereva akafuata. Hata meneja aliuma mdomo akageukia ukutani, na alipowarudia uso wake ulikuwa na nafuu ya mtu aliyepata jibu.

Unyoya alikuwa ameshamfikia mumewe, amemshika viganja. "Shusha mikono," alimwambia kwa sauti ya chini. "Shusha, baba. Shusha." Aliivuta. Ilikuwa imekaza kama ya maiti. Kwa karibu vile aliona jasho juu ya mdomo wake, na macho yake yakimwomba amsamehe, na bado meno yapo nje, hajui namna ya kuyarudisha.

"Tutaangalia," meneja alisema. "Apumzike nyumbani. Na tafadhali, ile baiskeli yake isije tena getini, inaleta mkusanyiko."

Nje, dereva aliwakimbilia. "Dada, nisamehe. Nikisema nilimgonga, wa kwanza kutoka ni mimi. Nina watoto." Unyoya akampita. Na wao walikuwa na mtoto.

Mpaka kituoni ni mwendo. Miaka yote ile yeye ndiye aliyesimama juu ya mabega ya mumewe, na watu wakisema huyu mwanamke hana uzito, ni unyoya mtupu. Sasa mumewe alimwangukia begani na uzito wake wote, na mtulinga ule wa zamani ukaanza kuuma. Alitembea hivyo hivyo. Barabarani gari moja likawapigia honi. Walikuwa wamemtambua.

*

"Tutaangalia" ni neno lisilo na miguu, halifiki popote. Siku zikapita, zikawa wiki. Mfanyakazi mwenzake alipita kuwajulia hali, na katika mazungumzo ikamponyoka kwamba kijana aliyewekwa kwenye meza yake ya kukatia sponji ana mkono mwepesi. Akaaga upesi. Unyoya aliongeza nguo za kupiga pasi, za dobi wa kona na za dobi wa ng'ambo, na mumewe akakaa kwenye benchi nje ya mlango, mguu kanyoosha, akikunja mashati. Alikunja vizuri, ukosi juu. Wapita njia walimwuliza onyesho lini. Aliwaonyesha meno.

Kigurudumu kikabaki na Chiriku. Kwake kilikuwa saizi yake. Alikipanda mchana kutwa mle uani akishika ukuta, na baba yake alimwelekeza bila kuinuka: mgongo wima, tazama mbali, usiache kukanyaga. Unyoya hakupenda, lakini hakuwa na nguvu ya kukataza, na ndiyo furaha pekee iliyobaki nyumbani.

Mchana mmoja Chiriku aliuachia ukuta. Akaenda peke yake, akapita mlango wa kwanza, akapita mlango wa pili, miguu ikizunguka mbiombio. Kisha gurudumu likapanda jiwe. Akaanguka kwa magoti na viganja kwenye changarawe, mlio ukasikika. Unyoya aliacha pasi, akatoka mbio.

Mtoto alikwishasimama. Damu inamshuka muundini. Mikono juu, meno nje.

Unyoya akasimama palepale. Hakuna aliyewahi kumfundisha mtoto huyu kuanguka. Alikuwa ameona tu.

"Hapana," baba yake alisema kwenye benchi. "Chiriku. Njoo hapa mama."

Mtoto akaja, bado anatabasamu, midomo inatetemeka.

"Inauma?"

"Haiumi, baba."

"Ukiumia, lia."

"Nikilia watu watajua nimeanguka."

"Ndiyo. Wajue. Ukinyamaza nani atakuja? Shusha mikono. Haya, lia."

Chiriku alimtazama baba yake, akamtazama mama yake. Akafungua mdomo, akajaribu, ikatoka sauti ya kuigiza, ya paka. Yeye mwenyewe akaicheka. "Siwezi. Nionyeshe wewe."

Baba yake akaweka shati kando. Akakohoa. Akasema aa, aa, kama mtu anayejaribu kipaza sauti, na Chiriku akainua viganja tayari kupiga makofi. Kisha kitu kikakatika kooni kwake. Ikatoka sauti ambayo Unyoya, katika miaka yote ya ndoa, hakuwahi kuisikia, sauti nzito, mbaya, isiyo na aibu, na ikafuatwa na nyingine. Mikono yake ilikuwa imeanguka kila upande wa benchi, na uso wake haukuwa na jino hata moja nje. Alilia kwa goti, na kwa honi zile mbili, na kwa sarafu ya kituoni. Viganja vya Chiriku vikabaki hewani, havikupiga. Akavishusha polepole, naye akaanza kulia.

Mlango wa pili ukafunguka kwa kishindo. Jirani alitoka mbio, povu la sabuni mpaka viwiko, ndoo ameipiga teke nyuma yake. Wengine wakatokeza vichwa, wakatoka.

"Kuna nini? Nani ameumia hapa?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuja mbio kuwauliza hivyo. Unyoya aliweka mkono begani mwa mumewe.

"Mume wangu," alisema. "Tangu siku ile uliyonionyesha kwenye simu."